Picha ya Ngozi Haikufika Tlawi

Tlawi, 2 Juni 2025

Judica mjukuu wangu, mwalimu wa Basotu na fundi wa Mnada,

Mlingoti wa Tlawi niliusimamisha mimi. Peke yangu, kwa mikono hii miwili, upepo ukivuma na vijana wote wamejibanza nyuma ya mawe. Ukiulizwa huko kwenu, sema hivyo.

Haya, usiseme. Wewe ulikuwepo. Ulinikuta nimekaa kitako nashika kamba moja tu, na kamba yenyewe ilikuwa ya punda. Lakini punda ni wangu! Yeye ndiye aliyepandisha betri mpaka juu kilimani, betri ambayo ninyi watu wanne wa kujitolea, na vyeti vyenu, mlishindwa hata kuivusha mfereji. Siku ile uliniambia, "Babu, omba kitu chochote kidogo, nitakufanyia." Nikakuomba nikija tena kwa babu yako Gidamis, umfunge yule mbwa, Karani. Bado nakudai. Mbwa gani yule anakagua miguu ya watu kama karani wa kodi! Miaka thelathini naingia boma lile, mbwa wa tatu huyu, wote wanaitwa Karani, na wote wameonja muundi wangu wa kulia. Babu yako hajamfunga hata mmoja. Anasimama pale na fimbo yake, anacheka.

Sasa shida. Mnada wenu, huo wa kwenye simu, umeharibika. Unajua huku kwetu bondeni simu ya kawaida haishiki, tumebaki na mtandao wenu huu wa mlingoti. Matangazo napata. Bei ya vitunguu saumu vya Bashay napata. Hata habari ya mbuzi aliyepotea wa Hilary naipata mara tatu kwa siku, wakati sote tunajua amemla mwenyewe. Ila sauti ya babu yako haifiki. Zamani kila asubuhi nikimaliza kukamua nilikuwa naisikia: "Bura, mla vitunguu, bado hujafa?" Namjibu, "Nakusubiri wewe mnywa maziwa utangulie." Ndiyo chai yangu hiyo. Tangu Machi, kimya.

Nieleze nifanye nini. Andika kwa karatasi, umpe Tito, kondakta wa basi la Haydom. Ukiandika humo kwenye Mnada, Tlawi nzima itajua kwamba simu imenishinda.

Bura Sulle

*

Basotu, 6 Juni 2025

Babu Bura, shikamoo.

Barua yako imefika. Fanya yafuatayo. Zima simu, hesabu mpaka sitini, iwashe tena. Kisha mwombe mwenye ufunguo wa kibanda cha mlingoti azime kile kisanduku chenye taa tatu, naye ahesabu mpaka sitini, akiwashe. Taa zote tatu zikiwa za kijani, shida haiko kwenye mlingoti. Ikiwepo nyekundu, niandikie ni ya ngapi kutoka kushoto.

Ahadi ya punda naikumbuka.

Mwl. Judica Gidabuday
Fundi wa kujitolea

*

Tlawi, 10 Juni 2025

Mjukuu wangu,

Marahaba. Barua fupi hiyo! Nilidhani ni ya mahakama. Najua una watoto mia na chaki moja, nimekusamehe.

Nimezima simu. Nimehesabu. Nilipofika arobaini na tatu akapita jirani yangu Doris, nikasahau, nikaanza upya. Doris kaleta maziwa ya mgando, kibuyu kizima, hajawahi kuniletea hata uji. Akasema, "Pole sana, mzee wangu." Nikamwambia, "Ni mtandao tu, utarudi." Akanitazama, akaondoka anajifuta macho kwa kanga. Wanawake wa siku hizi wanaupenda mtandao kupita kiasi.

Kibandani nilikwenda na Yonas katekista, maana ndiye mwenye ufunguo. Alizima akawasha. Taa zote kijani, kama majani ya mbaazi. Kabla hatujaachana alinishika mkono muda mrefu, akaniambia, "Bura, tutamkumbuka kwenye sala." Nikamjibu, "Aombewe betri, huyo ndiye mgonjwa." Hakucheka. Yonas tangu aoe hacheki, lakini hii ilizidi.

Kwa hiyo hapa kwangu ni pazima. Ubovu uko kwenu. Hebu nenda bomani, ni hatua chache kutoka shuleni kwako, mwambie babu yako aache kununa kama bibi harusi. Mwambie Bura anasema: kununa ni kwa siku saba, ikizidi ni ugonjwa. Mwambie nimekaa na mdomo wangu umejaa matusi yake, yanaanza kuchacha.

Bura

*

Basotu, 14 Juni 2025

Babu, shikamoo.

Kuhusu kumpelekea babu maneno yako, siwezi.

Nimekaa leo kwenye kompyuta mama hapa shuleni, nikafuatilia Tlawi laini moja moja. Simu arobaini na moja zinapokea kila kitu. Yako pia inapokea. Kuna laini moja tu isiyoingia kwako, nayo ni ya babu yangu. Mlingoti haumchagui mtu, babu.

Naomba ufungue jina lake kwenye simu yako, ushuke mpaka chini kabisa, unisomee neno lililoandikwa pale kwa rangi nyekundu. Nisomee kama lilivyo. Usiniandikie habari za punda.

Judica

*

Tlawi, 19 Juni 2025

Judica,

Umekuwa mkali. Mwalimu ni mwalimu, hata kwa mzee wa darasa la nne.

Neno ni "Umezuia". Nimelijua tangu mwanzo. Nimekukalisha kwenye kompyuta bure, nimemtoa Yonas kwenye mafundisho yake bure. Niliona aibu. Ngoja nikueleze, halafu unicheke ukimaliza.

Unamjua ng'ombe wangu Madoa. Huku kwetu malisho hayatoshi, kwa hiyo miaka tisa iliyopita nilimpeleka kwa babu yako amlee. Desturi unaifahamu: maziwa ya mlezi, ndama wa mwenye ng'ombe, na mnyama akifa mlezi anamwonyesha mwenzake ngozi, sikio likiwa na alama yake. Ukimwona mlezi hana ngozi, jua kamla. Wazee wetu walikuwa wanachukua ngozi na kutembea nayo siku mbili. Siku hizi miguu imechoka, tukapatana: picha kwenye Mnada inatosha.

Machi babu yako akaniambia kwa sauti, "Madoa amekufa, ametumbukia korongoni. Ngozi hiyo, itazame." Nikatazama. Nikaona mraba wa kijivu na kiduara kinazunguka ndani yake. Nikangoja siku mbili. Kiduara kikazunguka kama mlevi anayetafuta mlango wa kwake. Nikamwambia, "Tuma tena." Akatuma. Kijivu. Basi nikasema, huyu ananichezea, amenipigia picha ukuta. Nikaenda pale penye matangazo ya wote nikaandika: Gidamis wa Basotu amemla ng'ombe wangu na ngozi amenywea supu. Watu wakacheka, Judica. Kutoka Tlawi mpaka Bashay, vile vichwa vidogo vya njano vinavyocheka mpaka machozi, nilihesabu thelathini na mbili. Nikajiona mimi ndiye mimi. Halafu nikaona jina lake linataka kuingia kwangu, nikabonyeza Zuia.

Kosa langu ni hili. Nilidhani ni kama kufunga mlango. Ukifunga mlango na mtu yuko nje, akigonga unasikia. Nilitaka agonge. Nilikuwa nakaa na simu mapajani nikisubiri agonge kwa nguvu, anitukane, mimi nijifanye sisikii siku mbili tatu, halafu nifungue. Hakugonga. Nikasema, kumbe ni mwizi kweli, ndiyo maana kanyamaza. Siku nyingine nasema, hapana, amenuna. Ng'ombe sasa simtaki hata mkia. Namtaka mwenyewe.

Nifundishe kufungua. Ila nifundishe namna ambayo yeye hatajua kwamba ni mimi niliyefunga. Tumlaumu mlingoti, wewe na mimi.

Bura

*

Basotu, 23 Juni 2025

Babu Bura,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikakaa, nikaisoma tena.

Babu yangu amekufa. Alifariki tarehe 27 Aprili, asubuhi, ng'ombe wakitoka zizini. Kifua kilimsumbua tangu mvua zilipoanza.

Baba alitangaza msiba kwenye Mnada kwa kutumia simu ya mzee mwenyewe, ili watu wajue ni habari ya kweli. Tlawi yote iliona, na pole zote zikaandikwa chini ya tangazo hilo. Wewe ulikuwa umeizuia laini ile, kwa hiyo ni wewe peke yako ambaye hukuona. Doris hakukupa pole ya mtandao. Sala ya Yonas haikuwa ya betri.

Na sisi hatukujua kwamba hujui. Babu alikuwa anakuita. Alikutumia mizigo mingi, ndivyo sisi mafundi tunavyoita ujumbe, mwezi wa tatu na wa nne, kila mara ananiuliza, "Amejibu?" Nikifungua kompyuta naona umezuia. Sikuweza kumwambia hivyo. Nilimwambia mtandao wa Tlawi ni mbovu. Tulipozika bila wewe, baba alisema, "Yule mtu alimwita baba yangu mwizi, na kaburini hakuja. Asikanyage hapa." Halafu mwezi wa sita naletewa barua yako na Tito, unatania, unaniagiza nimwambie marehemu aache kununa. Nilitaka kuichana. Nikaona kama unatuchezea. Kwa hasira nikakujibu kama fundi.

Kuna jingine, na hili ni langu. Machi mvua zilizidi, sola ya Tlawi haikupata jua, betri ikawa inazima. Niliamua kusimamisha picha zote zinazokwenda Tlawi, yapite maneno na sauti tu. Nililiandika kwenye daftari la mafundi. Sikuwatangazia watumiaji. Nilidhani ni siku tatu, zikawa kumi na nane. Mraba wa kijivu ni mimi, babu. Ngozi ipo. Inaning'inia ukutani kwa mzee, sikio la kushoto, chale mbili.

Kufungua: bonyeza jina lake, shuka chini, bonyeza lile neno jekundu mara moja. Litakuuliza kama una hakika. Sema ndiyo. Kuna mizigo saba imekaa hapa kwenye kompyuta inakusubiri.

Judica

*

Tlawi, 27 Juni 2025

Judica,

Barua nimeipata. Nimeenda kwa Doris kumrudishia kibuyu chake. Akanikalisha.

Sijafungua. Kidole kinafika pale, simu inaniuliza kama nina hakika.

B.

*

Basotu, 2 Julai 2025

Babu yangu Bura, shikamoo.

Sikuharakishi, ila lazima nikuambie jambo la kifundi. Kompyuta yetu ni ndogo. Mzigo usiochukuliwa kwa siku mia moja na ishirini unajifuta wenyewe, na mimi siwezi kuuzuia. Wa kwanza utafutika tarehe 8 Julai. Fungua kabla ya hapo, hata kama hutasikiliza. Ikishaingia kwenye simu yako itakaa.

Sijui ndani kuna nini. Fundi hafungui mzigo wa mtu. Naona tu kwamba minne ni picha na mitatu ni sauti.

Nimemsomea baba barua yako ya tarehe 19, yote, mpaka pale pa kugonga mlango. Alikuwa ananoa panga. Akaacha. Akasema, "Alimwita mwizi mbele ya watu. Aliyetukana mnadani, akanushe mnadani." Lakini panga hakulinoa tena.

Wazee wamekubali mzee ajengewe kaburi la heshima, lile la kuinuliwa kwa miti na udongo, linalochukua miezi. Limefika kiunoni. Watu wanakuja mmoja mmoja, kila mtu na udongo wake.

Halafu Karani. Nilikuahidi kumfunga, kumbe amefungwa tayari. Siku nane kabla hajafa babu aliagiza mbwa afungwe. Tulishangaa, maana unajua mwenyewe. Tukamuuliza kwa nini, akasema, "Mfungeni tu." Baba anasema agizo la mwisho la mzee haliguswi, kwa hiyo mpaka leo yuko kwenye kamba pale penye mlango wa boma. Tunampelekea maji. Amekonda, habweki hata fisi akipita. Sijui babu alimwona na kosa gani.

Judica

*

Tlawi, 11 Julai 2025

Judica mjukuu wangu,

Marahaba, marahaba sana.

Tarehe 7 nilipanda mpaka kwenye mlingoti, nikakaa pale pale nilipokaa siku ya kamba. Punda nilimchukua, awepo shahidi. Nikabonyeza. Ikaingia mizigo yote saba kwa mpigo, simu ikatetemeka mkononi kama kifaranga.

Picha zote nne ni ngozi ile ile. Kumbe alikuwa anaipiga upya kila wiki, anadhani ya kwanza haikuwa nzuri. Ya kwanza imetundikwa. Ya pili imetandazwa juani, watoto wawili wameishika ncha. Ya tatu amesogea karibu, sikio tupu limejaa kioo kizima, chale mbili, kidole chake kinaonyesha, kama vile mimi ni mjinga. Ya nne imepinda na ina ukungu.

Sauti ya kwanza anawaka. "Bura, mla vitunguu, mimi ninywe supu ya ngozi? Meno yenyewe niliyatoa wapi?" Nilicheka peke yangu pale juu, punda akageuka. Ya pili anakohoa zaidi ya anavyosema. Anasema labda mlingoti wetu umelewa, ataituma tena.

Ya tatu ni ya tarehe 19 Aprili. Nakuandikia kama ilivyo, kwa sababu ninyi bomani mna haki ya kuisikia.

"Bura. Ngozi iko ukutani, haiozi. Mimi sina nguvu ya kuituma tena. Njoo uione kwa macho. Nimemfunga Karani. Unasikia? Miaka thelathini umelia kama mtoto, haya, nimemfunga. Njia ni nyeupe. Njoo."

Basi. Mbwa hakuwa na kosa, Judica. Alifungwa kwa ajili yangu. Naye babu yako alilala pale siku nane anasikiliza mlango wa boma, na mbwa kanyamaza, na hakuna mtu anayeingia.

Wewe na mraba wako wa kijivu, nenda ukalale. Mlingoti ulikosa siku kumi na nane, ukatengemaa. Mimi ningeweza kupanda basi la Haydom siku yoyote, nikaenda kuitazama ngozi kwa macho, kama wazee wetu. Nilipenda zaidi wale thelathini na wawili waliocheka.

Jana nimeandika pale penye matangazo ya wote: "Mimi Bura Sulle wa Tlawi niliandika tarehe 9 Machi kwamba Gidamis wa Basotu amemla ng'ombe wangu. Ni uongo. Ngozi nimeiona, sikio la kushoto, chale mbili. Mwizi ni mimi. Nimemwibia rafiki yangu siku zake arobaini na tisa za mwisho." Hakuna aliyecheka. Hilary ameandika chini yake kwamba mbuzi wake naye alimla mwenyewe. Mungu ambariki, nilihitaji kitu cha kucheka.

Chini yake tena akaandika baba yako. Neno moja: "Njoo."

Nakuja Jumanne na basi la Haydom. Nina mfuko wa udongo wa Tlawi, mwekundu, nimeuchota pale kwenye mlingoti. Nina shada la vitunguu saumu, maana marehemu alivichukia, na sitaki adhani nimebadilika. Ngozi siiombi, iacheni ukutani.

Deni langu la punda ndilo nalidai. Nilikuomba umfunge Karani nikija. Sasa fanya hivi: mwonyeshe baba yako barua hii, ajue agizo la mzee lilikuwa kwa ajili ya nani na limekwisha kazi yake. Kisha Jumanne, kabla basi halijafika, mfungulie. Mlishe vizuri, apate nguvu. Nikitokea pale mlangoni msimwite, msimrushie jiwe, mtu yeyote asije kunisaidia. Nitavaa kaptula.

Bura Sulle